Santuri Ipi Ilizipita Zote?
Mabishano ya wazee wa Rugenge juu ya muziki wa miaka ya 1980

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilikuwa nikirudi nyumbani kwangu Rugenge, hapa Uvira. Nilipofika karibu na baraza la mama mmoja mshonaji nikasikia sauti za ugomvi. Nilidhani ni shauri la kiwanja, maana mzee mmoja alikuwa amekwisha simama na fimbo yake mkononi. Kumbe sivyo. Walikuwa wakibishana juu ya santuri.

Walikuwa watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa shule aliyestaafu. Wa pili ni mvuvi mzee, ambaye zamani alisafiri sana kwa mashua hadi Kigoma. Wa tatu ni mama mwenyewe, mwenye cherehani.

“Mwalimu, umekuja vizuri,” akaniambia mama. “Wewe umesoma seminari. Utukatie shauri hili. Katika santuri zote za miaka ile ya themanini, ni ipi iliyozipita zote?”

Nikacheka, kwa sababu miaka ile ilipokwisha mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini wao hawakucheka. Nikaambiwa kwamba mwalimu mstaafu na mvuvi, watu waliopata Kipaimara siku moja, hawajasalimiana vema tangu Alhamisi kwa ajili ya neno hili. Basi nikawaahidi kwamba nitauliza, nitasoma, nitasikiliza, kisha nitawaletea jibu.

Wasomaji wapenzi, labda mtasema: je, jambo la namna hii lafaa kuandikwa hapa? Nasema lafaa. Watu wakibishana juu ya nyimbo zao za zamani, kwa kweli wanabishana juu ya maisha yao: nani alituona, nani alisema shida yetu, na nani atakumbuka. Nami nimegundua katika safari hii jambo ambalo sikulitazamia. Nitalisema mwishoni.

MABISHANO HAYA SI YETU TU

Kwanza tujue kwamba wazee wa Rugenge hawako peke yao. Huko Ulaya na Marekani watu wa rika lile hubishana hivyo hivyo juu ya muziki wao wa magitaa mazito, uitwao hevi metali. Mmoja atataja santuri “Back in Black” ya kundi la AC/DC kutoka Australia, ya mwaka 1980. Wa pili atasema hapana, ni “The Number of the Beast” ya Iron Maiden wa Uingereza, ya mwaka 1982. Wa tatu atawacheka wote wawili na kutaja “Master of Puppets” ya Metallica wa Marekani, ya mwaka 1986. Huulizana nani alikuwa na vidole vyepesi kuliko wengine, na nani alikuwa na sauti ya ngurumo. Miaka mingi imepita, nao hawajapatana.

Sisi nasi tulikuwa na magitaa yetu, na wapigaji wetu ambao vidole vyao havikuonekana kwa upesi. Lakini kati yetu na wale iko tofauti moja kubwa. Wao, wakishindwa kupatana, huweka santuri juu ya mashine wakasikiliza tena. Sisi hapa twabishana kwa kumbukumbu tupu.

SANTURI YENYEWE NI NINI?

Vijana wa leo husikiliza nyimbo katika simu, na wengine hawajaishika santuri hata mara moja. Basi yafaa nieleze.

Wimbo wa rumba ya Kongo una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda polepole. Hapo ndipo penye maneno: malalamiko, habari za ndoa, shauri la fedha, maombolezo. Sehemu ya pili ndiyo sebene. Waimbaji hunyamaza au huitikia tu, magitaa huchukua njia, na watu huinuka kucheza. Magitaa hayo hugawana kazi kama watu wanaovuta wavu mmoja: moja hushika mwendo, la pili hujibu katikati, la tatu hupaa juu, na lile la besi huwashikilia wote chini.

Katika miaka ya 1960 na 1970 nyimbo zetu nyingi zilitoka katika santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande wake mmoja haukuweza kubeba wimbo mrefu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa mbele, sebene upande wa nyuma. Mtu alilazimika kuinuka na kugeuza santuri kabla ya kucheza.

Katika miaka ya 1980 santuri kubwa ya mizunguko 33 ndiyo iliyotawala. Hiyo iliweza kubeba wimbo mmoja wa zaidi ya dakika kumi bila kuukata, na mara nyingi santuri nzima ilikuwa na nyimbo nne au tano tu. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo. Mtunzi aliyepewa dakika tatu hutoa methali. Mtunzi aliyepewa dakika kumi na zaidi aweza kusimulia kisa kizima, kukemea, kutoa mfano, na kurudi tena katika kisa chake kama mzee anayetoa shauri barazani. Ndiyo maana santuri za miaka ile zina watu ndani yake. Twawajua kwa majina, kana kwamba walikuwa jirani zetu.

NJIA MBILI ZA WANAMUZIKI

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaire, na hali yake ilikuwa imeharibika. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilitwaa maduka na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa wengine ambao mara nyingi hawakujua kuyaendesha. Haukupita muda bei ya shaba ikaanguka katika masoko ya dunia. Fedha ilipoteza thamani. Hata mwanamuziki mwenye jina kubwa alipata taabu kupata vyombo, kulipa watu wake na kutoa santuri kwa wakati.

Basi wanamuziki walitoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilielekea Ulaya, Brussels na Paris, ambako palikuwa na studio nzuri. Njia ya pili ilielekea mashariki, yaani Kampala, Dar es Salaam na Nairobi. Wengi walikuwa wameishika njia hiyo tangu miaka ya 1970.

Sisi wa mwambao huu wa Tanganyika tulikuwa katikati. Kinshasa iko mbali nasi kilomita 1,500 hivi, hata kama ungeruka kama ndege. Bujumbura iko ng'ambo tu, na taa zake twaziona usiku. Kigoma yafikika kwa maji. Kwa hiyo muziki wa Kinshasa ulitufikia kwa redio, na muziki wa ndugu zetu waliokwenda mashariki ulitufikia kwa redio za jirani na kwa kanda zilizoletwa katika mizigo ya wasafiri. Ukiwasikiliza wazee wa Rugenge wakibishana, utaona kwamba kila mmoja anatetea mlango ambao muziki ulimfikia.

NENO LA MWALIMU MSTAAFU: “MARIO”

Mwalimu mstaafu hana shaka hata kidogo. Kwake yeye santuri iliyozipita zote ni “Mario” ya Franco na orkestra yake T.P. O.K. Jazz, ya mwaka 1985.

Franco, jina lake François Luambo Makiadi, alizaliwa mwaka 1938 huko Sona Bata, magharibi mwa nchi yetu. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha O.K. Jazz, naye aliishika orkestra hiyo mpaka alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989.

“Mario” ni kisa cha kijana mwenye elimu ambaye hafanyi kazi. Anaishi kwa mwanamke tajiri aliyempita umri, anakula mali yake, na mwisho ni ugomvi na aibu. Franco anamkemea kama mjomba anavyomkemea mpwa wake, na sauti tamu ya Madilu System yampokea. Wimbo ulipendwa hata jina la Mario likawa neno la kawaida: kijana wa namna hiyo akaitwa “Mario”, Kinshasa na mbali kuliko Kinshasa. “Mwalimu,” akaniambia mzee, “nilikuwa nikifundisha darasa la sita. Wavulana wavivu niliwaambia: wewe utakuwa Mario. Walijirekebisha kuliko kwa fimbo.”

Lakini mvuvi hakukubali. “Mtu huyo huyo,” akasema, “alimwimbia Mobutu!”

Ni kweli. Mwaka 1984 Mobutu alijitokeza katika uchaguzi ambao hakuna mtu aliyeshindana naye, na Franco alitoa santuri “Candidat na biso Mobutu”, kuwahimiza watu wamchague. Tena ni kweli kwamba mwaka 1978 Franco huyo huyo alitiwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Na tena ni kweli kwamba mwaka 1987, watu walipokuwa wakifa kwa ukimwi na wengi wakiogopa hata kuutaja ugonjwa huo, yeye alitoa “Attention na SIDA”, wimbo mrefu wa kuwaonya vijana, wazazi na walimu. Alichanganya Kifaransa na Kilingala ili onyo lifike mbali zaidi.

Je, tumhesabu mtu huyu upande gani? Mzee wetu alijibu kwa neno moja nililolipenda: “Tuliitwa kupima santuri, hatukuitwa kumpima mtu. Kumpima mtu kuna Mwenyewe.”

Akaongeza kwamba tusisahau mwaka 1983. Kwa miaka mingi Franco na Tabu Ley Rochereau walikuwa mahasimu wawili wa muziki wetu, na mashabiki wao waligombana kama mashabiki wa mpira. Mwaka ule walikaa pamoja wakarekodi. Tarehe 11 Februari 1983 Joseph Kabasele, baba wa rumba ya kisasa na mlezi wa Tabu Ley katika African Jazz, alikuwa amefariki. Wale wawili walimwimbia pamoja wimbo wa kumbukumbu. Mzee aliniambia hayo huku akimtazama mvuvi kwa pembe ya jicho. Mvuvi alitazama ziwani.

NENO LA MVUVI: NDUGU ZETU WALIOKWENDA MASHARIKI

Mvuvi alisema hivi: “Nyinyi mwasifu nyimbo za Kilingala. Mimi nataka santuri iliyosema nami kwa lugha yangu.”

Basi alitaja kwanza Samba Mapangala. Huyu alizaliwa Matadi, karibu na bahari ya magharibi, akapita Uganda, akafika Nairobi, na huko mwaka 1981 akaanzisha Orchestra Virunga. Jina hilo ni la milima ya moto ya Kivu yetu. Santuri yake “Malako”, ya miaka ile ya 1980, ilichezwa kote Afrika Mashariki. Mvuvi asema kwamba magitaa yake yalikuwa mepesi kama upepo wa asubuhi ziwani, tena hakuna aliyemzidi aliyepiga besi.

Halafu akamtaja yule anayemweka juu ya wote: Remmy Ongala. Huyu ni mtoto wa upande wetu. Alizaliwa mwaka 1947 katika nchi ya Kindu, ambayo zamani ilihesabiwa katika jimbo la Kivu. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam, akaimba katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili habari za maskini, za kifo, za mtu asiye na mtetezi. Mwaka 1989 santuri yake “Songs for the Poor Man”, yaani Nyimbo za Mtu Maskini, ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Mmoja wa nyimbo zake waitwa “Sauti ya Mnyonge”. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na mpaka leo pale Sinza kuna mahali panapojulikana kwa jina lake.

Hapa lakini nilikutana na fumbo. Nilimwuliza mvuvi: “Baba, santuri hiyo uliinunua wapi?” Akanijibu: “Santuri? Sijaiona kamwe. Nilimsikia Remmy kwa redio, na kwa kanda niliyoipata Kigoma.”

Na kweli ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Katika miaka ile bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zilipigwa hewani, zikapendwa na watu maelfu, kisha zikabaki katika kanda za redio bila kupigwa chapa katika santuri. Waliopata santuri walizipata hasa kwa njia ya Nairobi au ya Ulaya. Basi tukiuliza santuri ipi ilizipita zote, tumekwisha wafungia mlango wengi ambao huenda waliimba vizuri zaidi, ila hawakuwa na kiwanda. Mvuvi aliposikia hayo alipiga goti lake akasema: “Ndiyo maana nagombana!”

NENO LA MAMA: SAUTI ILIYOLIA YENYEWE

Mama alikuwa amenyamaza muda mrefu, akitia uzi katika sindano. Tulipomgeukia alisema: “Nyinyi wanaume mmetaja wanaume. Mbilia Bel mmemwacha wapi?”

Mbilia Bel aliingia katika orkestra Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981. Kabla yake walikuwapo wanawake waliofungua njia, kama Abeti Masikini, aliyezaliwa mwaka 1954 katika mji unaoitwa leo Kisangani, na M'Pongo Love. Lakini Mbilia Bel, akiwa mbele ya orkestra kubwa kama Afrisa, alipata mapokezi ambayo mwanamke alikuwa hajayapata. “Eswi Yo Wapi”, iliyotungwa na Tabu Ley, ilipewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka katika Zaire. Na wimbo wake wa kwanza kurekodi katika Afrisa ni “Mpeve ya Longo”. Maneno hayo ni ya Kikongo, na maana yake ni Roho Mtakatifu. Anayeimba ni mwanamke aliyeteswa na kuachwa na mume wake, akabaki kulea watoto peke yake. Wanawake wengi wa nchi hii waliupokea wimbo huo kama wimbo wao.

Mama alisimulia hivi: “Mume wangu alikwenda kwenye dhahabu milimani, hakurudi. Si kwamba alikufa. Hakurudi. Watoto walikuwa wanne. Jirani alikuwa na redio, na jioni wimbo ule ukipigwa aliongeza sauti kwa makusudi, ili unifikie. Hakusema neno. Aliongeza sauti tu. Nami nilikanyaga cherehani kwa mwendo wa wimbo mpaka usiku. Watoto wote wanne walisoma.”

Hapo barazani pakawa kimya.

KUPIMA

Niliomba siku chache za kufikiri. Niliporudi niliwaambia hivi:

“Wazee wangu, kitu hakipimwi kabla ya kutaja mizani. Nguo hupimwa kwa mita, samaki kwa kilo. Nanyi mnatumia mizani tatu, kisha mwashangaa kwamba hesabu hazilingani.

“Mizani ya kwanza ni ufundi. Hapa nampa mwalimu haki. Santuri kubwa ilimpa mtunzi nafasi ya kusimulia, na nijuavyo mimi hakuna aliyeitumia nafasi hiyo kuliko Franco katika ‘Mario’. Kisa, karipio, kicheko na sebene vimeungana bila mshono kuonekana.

“Mizani ya pili ni lugha na hali ya watu wetu. Hapa nampa mvuvi haki. Remmy Ongala aliimba shida ya mnyonge kwa maneno ambayo mtoto wa Rugenge ayaelewa bila kutafsiriwa.

“Mizani ya tatu ni kazi ambayo wimbo uliifanya katika nyumba za watu. Na hii, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote. Katika ‘Mario’ mwanamke yumo, lakini mwanamume ndiye anayesimulia habari zake. Katika ‘Mpeve ya Longo’ aliyeachwa analia mwenyewe. Waweza kusema kwamba aliyekuwa bwana wa orkestra ile ni mwanamume. Ni kweli. Lakini sauti ni yake, na waliosikia walijisikia wenyewe. Wimbo uliomfanya jirani aongeze sauti ya redio, na mama akalea watoto wanne, huo ndio naupa nafasi ya kwanza.”

Mwalimu mstaafu aliinua fimbo yake, nikadhani vita vyaanza upya. Alisema tu: “Umekata kama Solomoni, lakini sikubali.” Mvuvi naye akasema: “Hata mimi sikubali.” Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi walikuwa wamepatana, yaani kunipinga mimi.

SANDUKU LA MWALIMU

Sasa nafika kwa jambo lile nililoahidi mwanzo.

Nilimwambia mwalimu mstaafu: “Baba, wewe ulikuwa na santuri. Twende tukasikilize ‘Mario’, huenda nitageuza hukumu yangu.” Akasita. Halafu akatuongoza sote watatu nyumbani kwake, akatoa chini ya kitanda jalada moja la karatasi ngumu, limevimba na lina mstari wa udongo mkavu katikati. Ndani hamkuwa na kitu.

Tangu ujana wake alikuwa amekusanya santuri, akazitunza katika sanduku la mbao. Zilipona katika vita iliyofika Uvira mwaka 1996, kwa sababu jamaa yake mmoja alizificha. Lakini Aprili 2020, mvua kubwa zilipomwagika na mto Mulongwe kuvunja kingo zake, nyumba aliyokaa wakati ule ilichukuliwa na maji. Watu wengi walikufa siku zile, na maelfu walibaki bila makao. Je, ni nani angeweza kulia kwa ajili ya santuri? Yeye aliona aibu kulitaja jambo hilo mbele ya wafiwa. Miaka yote hiyo alikuwa akibishana juu ya “Mario” akiwa na jalada tupu.

Mvuvi alilishika jalada lile, akaligeuza, akalitazama kwa muda. Kisha akasema: “Ndugu yangu, kwa nini hukuniambia? Mimi ninayo kanda. Upande mmoja Remmy, upande wa pili nilimwomba yule mtu wa Kigoma anitilie ‘Mario’. Sikukuambia kwa sababu ningeshindwa katika mabishano.”

Tukacheka sana. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Nilifikiri: kanda moja, ya zamani, katika nyumba ya mzee mmoja. Hiyo ndiyo maktaba yetu.

TUFANYE NINI?

Mwezi wa Desemba 2021 shirika la UNESCO liliandika rumba ya Kongo, yaani ya nchi yetu na ya ndugu zetu wa Brazzaville, katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Tulifurahi. Lakini orodha ya Paris haimjui jirani aliyeongeza sauti ya redio Rugenge. Habari hiyo sisi tusipoiandika, hakuna atakayeiandika. Nyimbo kubwa zimetunzwa na watu wa mbali, na aliye na simu atazipata. Kinachopotea ni kile zilichokifanya hapa kwetu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nawashauri wasomaji mambo matatu, nayo si magumu.

La kwanza: aliye na santuri au kanda ya zamani aandike juu yake jina la wimbo, jina la mwimbaji, mwaka, na mahali alipoipata. Kanda isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na msalaba.

La pili: vijana wenye simu wanakili kanda hizo kabla hazijaharibika, na kuziweka mahali zaidi ya pamoja. Ziwa limetufundisha kwamba sanduku moja halitoshi.

La tatu, na ndilo kubwa: keti na mzee wako, umwulize ni wimbo gani ulizipita zote. Usimkatize. Atakutajia wimbo, kisha atakuambia habari ya maisha yake ambayo hujapata kuisikia. Iandike katika daftari.

Jumapili iliyofuata nilipita tena pale barazani. Redio ndogo ya mvuvi ilikuwa juu ya cherehani, na kanda ilikuwa ikizunguka kwa shida, sauti ikipanda na kushuka. Mwalimu mstaafu alikuwa na daftari la shule mapajani, anaandika. Mvuvi alikuwa akimsomea maneno. Mama akanionyesha kwa kidole nikae, nisiseme kitu, maana walikuwa wamefika kwenye sebene.